Je, wajua kwa nini upinzani wa Grenada uliambulia patupu mwaka 2018?

Machi 13, 2018, wananchi wa Grenada, nchi ya visiwa vya Karibi yenye watu laki moja na ushee, walichagua wabunge 15. Chama cha NNP cha Waziri Mkuu Keith Mitchell kilizoa viti vyote. Chama kikuu cha upinzani, NDC, kilichopata takriban asilimia 40 ya kura, hakikupata hata kimoja. Wala halikuwa jambo geni: NNP ilifagia hivyohivyo mwaka 1999 na 2013.

Matokeo ya namna hii hayahitaji wizi wa kura. Grenada ilirithi kwa Waingereza utaratibu uleule wa majimbo ya Kenya na Tanzania: anayeongoza jimboni anachukua kiti, hata akimzidi mwenzake kwa kura moja, na kura za aliyeshindwa zinaishia hapo. Tuseme kila jimbo lina wapiga kura 4,000, wakagawanyika 2,400 kwa 1,600. Hali hiyo ikijirudia majimbo yote, mshindi anapata wabunge 15, na wale 24,000 waliochagua upande wa pili hawana wa kuwasemea.

Nchi kubwa upinzani huokolewa na ngome zake. Hata ukishindwa kitaifa, kuna mkoa haubanduki. Grenada ni ndogo mno kwa hilo. Upepo ukivuma mji mkuu, St. George's, unafika hadi kisiwa cha Carriacou.

Sasa kasheshe: kiongozi wa upinzani bungeni ndiye anayependekeza maseneta 3 kati ya 13 wa baraza la juu la bunge. Atatoka wapi ikiwa upinzani hauna mbunge? Mwaka 2018 alipatikana Tobias Clement, aliyechaguliwa kwa tiketi ya NNP, akaihama na kukaa upande wa pili. Upinzani wa mtu mmoja, tena aliyeletwa na chama tawala!

Kinachonishangaza ni kwamba dawa ilikuwa imeshapelekwa kwa wananchi. Kura ya maoni ya Novemba 2016 ilikuwa na hoja 7, mojawapo ya kuhakikisha kiongozi wa upinzani anapatikana hata chama kimoja kikizoa viti vyote. Wapiga kura walizikataa zote 7.

Juni 2022 utaratibu huohuo ulimgeukia Keith Mitchell mwenyewe: NDC ya Dickon Mitchell ilipata zaidi kidogo ya nusu ya kura na viti 9, NNP ikabaki na 6.