Jirani wa ukuta: namna ninavyosoma migusano ya protini

Nyumba yetu iko Mkomani, hapa Lamu, na chumba changu kinapakana na jiko la jirani. Alfajiri nasikia kinu chake kikitwanga iliki. Lakini nikitaka kumpelekea kipande cha mkate wa sinia, natoka mlangoni, napita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, nakata vichochoro viwili, na nafika kwake baada ya kuacha milango kumi na kitu nyuma yangu. Kwa hesabu ya milango tuko mbali. Kwa hesabu ya ukuta tunagusana. Kazi yangu ni kutafuta kuta za namna hiyo ndani ya protini.

Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu, una asidi amino 146, kila moja imeshikana na iliyo mbele yake na iliyo nyuma yake. Ukiziandika kwa mfuatano unapata mstari mmoja, na mstari huo haukuambii nani anamgusa nani. Mnyororo ukishajikunja, ujirani unakuwa mwingine. Histidini ni aina moja ya asidi amino; ile iliyo nafasi ya 63 na ile ya 92 zimeachana nafasi 29, lakini zinaelekeana, moja upande huu wa hemu na nyingine upande ule. Hemu ni kile kibamba chenye atomu ya chuma inayoshika oksijeni, na histidini ya 92 ndiyo iliyofungwa kwenye chuma chenyewe.

Ninaandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa mtaani kwetu. Mwanawe ana sikoseli, ugonjwa ambao vitabu huuita selimundu. Jioni moja alikaa nami barazani, akaniuliza: “Mwanangu, wewe wasoma damu kwenye kompyuta. Hicho kilichoharibika kwa mtoto, kina ukubwa gani?” Nikamwambia: “Mama, ni asidi amino moja katika zile 146.” Akanyamaza, kisha akauliza: “Moja tu? Na maumivu yote haya?” Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno. Hili ndilo refu.

Kwamba ni moja tu, tumelijua tangu miaka ya 1950. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa ina chaji ya umeme tofauti na ya mtu asiye na ugonjwa huu. Baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akapata tofauti yenyewe: katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, glutamati imeondoka na valini imekaa mahali pake. Watu wa pwani hii tumo katika historia hiyo pia. Anthony Allison alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949 akakuta urithi huu umejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni nadra nyanda za juu; mwaka 1954 akaeleza kwamba aliyerithi jeni hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria.

Sasa tufungue faili. Maumbo ya protini yamewekwa wazi kwa kila mtu kwenye PDB, benki ya data za protini, na huhitaji kulipa hata senti. Himoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni ina faili inayoitwa 2HHB. Ndani yake kila atomu ina nambari tatu, x, y na z, kwa kipimo cha angstromu, yaani sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Kupima umbali kati ya atomu mbili ni hesabu ya shule ya sekondari. Ugumu uko kwenye swali la pili: umbali gani uitwe mgusano?

Wengi hupima kutoka atomu moja ya kila asidi amino, ile inayoitwa kaboni beta (jina tu, haihusiani na mnyororo wa beta), na kuhesabu mgusano ikiwa umbali haufiki angstromu 8. Kipimo hicho kinafaa sana kwa kuchora ramani ya migusano ya protini nzima au kulinganisha maelfu ya protini. Kwa swali la ugonjwa mimi sikitumii. Asidi amino mbili zinaweza kuwa na angstromu 7 kati yao na zikawa zimepeana mgongo, mkono wa moja ukielekea kaskazini na wa pili kusini. Hapo mimi hupima atomu zote isipokuwa hidrojeni, na kikomo changu ni angstromu 4.5. Halafu naangalia aina: oksijeni na nitrojeni zilizo ndani ya angstromu 3.5 huenda zimeunganishwa na bondi ya hidrojeni. Chaji chanya na chaji hasi ndani ya angstromu 4 zinavutana. Kaboni kwa kaboni ni mafuta yakikimbia maji pamoja. Zile zilizofuatana kwenye mnyororo naziacha nje, kwa sababu hazina budi kugusana. Na kwa kuwa himoglobini imejaa misokoto, yaani sehemu zilizojisokota kama springi, kila asidi amino itagusana na ya nne mbele yake, nayo ni habari ya msokoto, haihusu mkunjo mkubwa.

Kabla ya kuendelea, kosa lililonilia siku mbili. Mfuatano wa beta unaanza hivi: valini, histidini, lusini, threonini, prolini, glutamati, glutamati, lisini. Angalia nafasi ya 6 na ya 7: zote mbili ni glutamati. Watu wa jenetiki huhesabu kuanzia methionini ya mwanzo, ambayo hukatwa mnyororo unapotengenezwa, kwa hiyo kwao badiliko hili liko nafasi ya 7. Faili za PDB za himoglobini huhesabu bila methionini hiyo. Mimi nilichukua nambari kutoka ripoti ya jenetiki nikaenda nayo moja kwa moja kwenye faili, nikaibadilisha glutamati ya 7. Programu haikulalamika, maana kweli ilikuta glutamati pale. Nilipata jedwali safi la migusano ya mahali pasipohusika kabisa. Tangu hapo sianzi kazi kabla ya kuchapisha asidi amino tano za kila upande na kuzisoma kwa jicho.

Nilipoipata nafasi ya 6 sawasawa, nililinganisha 2HHB na faili ya himoglobini ya selimundu, 2HBS, iliyotolewa mwaka 1997 kwa ubora wa angstromu 2.05. Ndani ya mnyororo wa beta ramani mbili karibu zilingane. Valini ya 6 iko usoni kabisa mwa molekuli, nje, na hata haigusani na atomu nyingi. Mtu akiishia hapo atasema badiliko hili halina neno. Molekuli haikuvunjika, hemu iko mahali pake, oksijeni inabebwa.

Shida haiko ndani ya nyumba. Iko kwa jirani.

Mwanafunzi wa fuwele, yaani molekuli zilizopangwa safu kwa safu zikaganda ili umbo lao lipimwe, hufundishwa mapema kutupa migusano kati ya molekuli na molekuli, kwa kuwa mingi huzaliwa na kubanana ndani ya fuwele na haipo mwilini. Ni ushauri mzuri, na kwa himoglobini hii ungekupotezea kila kitu, kwa sababu molekuli za 2HBS zimejipanga karibu kama zinavyojipanga ndani ya chembe ya damu ya mgonjwa. Tafuta migusano kati ya mnyororo na mnyororo, na uzitengeneze nakala za ulinganifu, yaani molekuli zilezile zinavyojirudia katika fuwele, ili jirani asiyekuwemo kwenye faili naye aonekane. Utaona valini ya 6 imeingia kwenye kishimo cha molekuli ya pili, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Glutamati yenye chaji hupenda maji, ingebaki nje. Valini huyakimbia, na kishimo kile ni cha mafuta. Kila molekuli ina minyororo miwili ya beta, hivyo ina valini za namna hii mbili, na katika mpango huu ni moja tu inayochomekwa hivyo. Moja inatosha. Molekuli zilizochomekana hivyo hufanya nyuzi. Nyuzi hujipanga mbilimbili, na nyuzi 14 hufanya kamba moja ngumu inayoinyoosha chembe ya damu mpaka ikawa kama mundu. Hutokea oksijeni ikishaachiliwa, kwa kuwa ikiwepo umbo zima la molekuli hubadilika na molekuli hazipangiki hivyo.

Yule mama alikuwa na swali jingine: mbona mtoto alizaliwa mzima, akaanza kuumwa baada ya miezi? Mtoto mchanga hutumia mnyororo wa gama badala ya beta. Gama haina valini ile katika nafasi ya 6, na zaidi ya hapo, nafasi ya 87, ukingoni mwa kishimo, ina glutamini ambapo beta ina threonini. Glutamini ni ndefu zaidi, nayo huzuia mpango ule wa nyuzi. Gama inapopungua, kinga hiyo inaondoka nayo. Dawa ya haidroksiyurea husaidia kwa kurudisha himoglobini ya utotoni. Na Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni inayompa mgonjwa beta yenye glutamini nafasi ya 87: asidi amino moja dhidi ya asidi amino moja.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, pima nafasi ya 73. Aspartati iliyopo hapo hushikana na threonini ya 4 ya molekuli jirani. Kuna himoglobini iitwayo Korle-Bu, ambayo nafasi hiyo ina asparajini, nayo hupunguza kufungamana kwa nyuzi. Fungua 2HBS, hakikisha nambari zako, pima umbali huo, kisha niandikie umepata angstromu ngapi.