Mchapishaji hakula kiapo, anashtakiwa kwa lipi?

Kila ninapofundisha sheria ya habari, swali hili halikosi. Mtumishi wa serikali anayevujisha siri amevunja kiapo chake. Mchapishaji hakula kiapo chochote. Kosa lake ni lipi?

Kwa Marekani, jibu limo katika Sheria ya Ujasusi ya mwaka 1917. Kifungu cha 793(e) kinamgusa mtu yeyote aliye na habari za ulinzi wa taifa bila idhini, akazipeleka kwa makusudi kwa asiyestahili kuzipata. Hakimtaji mwandishi wa habari, wala hakimwondoi. Kwa muda mrefu kilichomkinga mchapishaji si maneno ya sheria, bali ugumu wa kuithibitisha siri mahakamani bila kuianika.

Chukua Chicago, 1942. Juni 7, vita vya majini vya Midway, kati ya Marekani na Japani, vikiwa ndio kwanza vinaisha, gazeti la Chicago Tribune lilitoa habari kwamba jeshi la majini lilijua mapema mpango wa Wajapani. Liliorodhesha hata meli za adui kwa majina. Mwandishi wake, Stanley Johnston, alikuwa ameuona ujumbe wa siri akiwa safarini melini. Serikali ilipandwa na hasira, ikapeleka shauri mbele ya baraza la raia wanaopima kama kuna kesi ya kujibu. Hapo ndipo ilipokwama. Ili kuonyesha uzito wa habari ile, maofisa wangelazimika kueleza kwamba Marekani ilikuwa imevunja msimbo wa mawasiliano ya Wajapani. Jeshi likakataa kusema. Agosti, baraza likakataa kushtaki.

Mwaka 1971 serikali ilijaribu njia nyingine: kulizuia gazeti la New York Times lisiendelee kuchapa nyaraka za siri za vita vya Vietnam. Juni 30 Mahakama ya Juu iliikatalia, majaji 6 kwa 3. Wengi hukumbuka ushindi huo na kusahau alichoandika Jaji White, mmoja wa wale 6: kushindwa kuzuia uchapaji hakuifungi serikali mkono kumshtaki mchapishaji baadaye.

Onyo hilo lilimfikia Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, tovuti iliyochapisha nyaraka za siri za Marekani. Mei 23, 2019 aliongezewa mashtaka 17 chini ya sheria hiyohiyo. Nawasihi wanafunzi wasome shtaka la 15, la 16 na la 17. Hayo matatu hayahusu kuiba wala kushawishi. Yanahusu kuchapa tu nyaraka zenye majina ya watu walioipa Marekani habari. Mimi naona kuwaweka watu hao hatarini lilikuwa jambo zito, tena la kulaumiwa. Lakini lawama ya maadili ni kitu kimoja, na jela kwa kuchapa ni kingine. Ukikubali hilo kwa Assange, sioni mstari wa kisheria utakaomwokoa mhariri wa gazeti.

Juni 26, 2024, kisiwani Saipan, eneo la Marekani katika Pasifiki, Assange alikiri kosa moja la kula njama ya kupata na kutoa habari za ulinzi wa taifa. Akaachiwa, miezi 62 aliyokaa gereza la Belmarsh huko London ikihesabiwa kuwa ndiyo kifungo chake. Nilifurahi alipokwenda nyumbani Australia. Ila kwa kukiri huko, mashtaka yale matatu hayakusikilizwa, na Mahakama ya Juu bado haijaamua kama Katiba inamlinda mtu anayeshtakiwa kwa kuchapa peke yake.