Urefu wa kamba: namna ya kusoma viungo mtambuka vya protini

Wanafunzi wengi wanaoniletea data za viungo mtambuka, yaani sehemu mbili za protini zilizofungwa pamoja kwa kemikali ili kukisia umbo lake, huja wakiamini wameshika rula. Wanaona laisini mbili (laisini ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini) zimeungana, wanatafuta urefu wa kiunganishi, yaani kemikali iliyozifunga, kisha wanaiambia programu ya kujenga modeli ya umbo: umbali ni huu. Modeli inaharibika kabla hata haijaanza kujengwa.

Kemia yenyewe si ngumu. BS3, kiunganishi ninachokitumia zaidi, ni molekuli yenye ncha mbili, na kila ncha hushika kundi la amini, hasa la laisini. Katikati kuna mkono wa angstromu 11.4 (angstromu kumi ni nanomita moja). Tunaitia kwenye protini ingali imekunjika, laisini zilizo karibu zinafungwa pamoja, halafu tunaikata protini kwa kimeng'enya cha tripsini na vipande, yaani peptidi, vinaingia kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima masi za molekuli. Peptidi mbili zilizofungwa huwa na masi inayozidi jumla yao kwa daltoni 138.07.

Kuzitambua ndiyo kazi. Peptidi 1,000 zinaweza kuoana kwa njia zipatazo 500,000, kwa hiyo hata bahati tu itakupa majibu yanayopendeza. Ndiyo maana tunachanganya mifuatano bandia kwenye hifadhidata: ikishinda mara nyingi, unajua una takataka kiasi gani. DSSO, kiunganishi kingine kinachovunjika ndani ya mashine, hupunguza mzigo kwa kuwa kila peptidi husomwa peke yake.

Sasa umbali. Ukiongeza mikono ya laisini zenyewe na mtikisiko wa protini, wengi wetu tunaweka kikomo cha angstromu 30 hivi kati ya kaboni alfa mbili, yaani kaboni ambazo mikono ya laisini hizo huanzia. Hicho ni kikomo, si kipimo. Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Ukijua urefu wa kamba unajua asikofika, lakini huenda amelala palepale kwenye kigingi. Kamba pia haipiti ndani ya ukuta, na ndiyo sababu programu kama Jwalk hupima njia inayozunguka uso wa protini badala ya mstari ulionyooka.

Data legelege namna hii zina faida gani? Mwaka 2000, viungo 15 vya BS3 pamoja na modeli za kompyuta vilitosha kuiweka protini ya FGF-2 katika familia yake sahihi ya mikunjo. Hakuna kiungo kimoja kilichosema mengi. Kwa pamoja vilizikataa modeli mbovu. Mwaka 2018 viungo mtambuka vilikuwa sehemu ya data zilizojenga modeli ya tundu la kiini cha seli ya hamira, lenye protini zipatazo 550. Na programu ya AlphaLink, ya 2023, huvilisha moja kwa moja kwenye mtandao wa neva wa aina ya AlphaFold, programu inayotabiri maumbo ya protini.

Kiungo kisichoonekana, kwa upande mwingine, hakithibitishi kitu. Pengine laisini imejificha, au peptidi ni fupi mno.

Ninachokipenda zaidi ni kiungo kinachogoma: modeli inasema angstromu 45, data inasema zimefungwa. Kwanza, hesabu. Kwa viungo 100 vyenye kiwango cha makosa cha asilimia 5, tarajia kama vitano vya uongo, kwa hiyo usiipinde modeli ili viwili vitatu viridhike. Vikigoma vingi tena eneo moja, huenda protini ina maumbo mawili na umeyapiga picha yote kwa pamoja. Au kiungo kiko kati ya nakala mbili za protini ileile, jambo ambalo wengi hulisahau. Hilo linapimika: changanya protini ya kawaida na iliyokuzwa kwa naitrojeni-15, aina nzito ya naitrojeni, uziache zibadilishane nakala, ndipo ufunge. Jozi yenye peptidi moja nyepesi na moja nzito imetoka kwenye nakala mbili. Na ukikuta laisini 87 imefungwa na laisini 87, usisumbuke na jaribio hilo. Laisini haiwezi kujifunga yenyewe, kwa hiyo hizo ni nakala mbili.