Maili zako za ndege: zitoe, ila usizihamishe

Kazi yangu ni kupanga safari za shirika la hisani: wakufunzi, madaktari wa kujitolea, mara nyingine mgonjwa na anayemsindikiza. Mara kwa mara mtu mwenye maili, yaani pointi ambazo kampuni ya ndege humpa mteja wake na zinazoweza kulipia tiketi, huniandikia, "Nina maili zimelala tu, niwahamishie?" Namshukuru, kisha namwomba asizihamishe.

Kampuni nyingi za ndege hutoza ada maili zinapotoka akaunti moja kwenda nyingine, na pengine ada hiyo ni kubwa kiasi kwamba ungetoa fedha taslimu tungefaidika zaidi. Njia nafuu ni mtoaji kubaki na maili zake na kukata tiketi mwenyewe kwa jina la msafiri wetu. Mimi namtumia jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe. Miles4Migrants, shirika la hisani lililoanza mwaka 2016, liliwasafirisha wakimbizi kwa utaratibu wa namna hii. Soma masharti kwanza, maana ziko kampuni zinazotaka msafiri awe ndugu yako.

Utaratibu huu una tundu lake, nami nilishatumbukia. Mkutano uliahirishwa usiku, msafiri wetu akahitaji kubadilishiwa siku. Tiketi ilikuwa chini ya akaunti ya mtoaji, na mtoaji mwenyewe alikuwa angani, simu imezimwa. Mimi nilikuwa na namba ya tiketi tu, nayo haikunifungulia mlango wowote. Siku hizi, kabla tiketi haijakatwa, namuuliza mtoaji: wiki ya safari utapatikana? Akisita, natafuta mwingine.

Halafu kuna neno "bure". Maili hulipa nauli. Kodi na tozo za uwanja hudaiwa kwa fedha, na baadhi ya kampuni huongeza tozo ya mafuta. Safari ndefu inayoanzia London inaweza kukushtua. Mkubaliane mapema nani atalipa, mtoaji au shirika.

Mwenye maili elfu mbili tatu hawezi kukata tiketi popote. Huyo namwelekeza kwenye mashirika yenye akaunti ya pamoja kwa kampuni ya ndege, kama Make-A-Wish, linalotimiza matakwa ya watoto wagonjwa mahututi, ambako vidogo vya wengi hukusanywa. Ukishatoa huko, hazirudi.

Kuna wanaotoa kwa hofu ya maili kuisha muda. Angalia kwanza: za kampuni ya Marekani ya Delta haziishi muda, ilhali za American Airlines kwa kawaida hufutwa akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli. Na kwa walipa kodi wa Marekani, usitegemee punguzo la kodi kwa maili ulizotoa.

Wapo pia wanaotaka "tuwarudishie kidogo". Hapo nakataa. Kuuza maili ni kinyume cha masharti, kampuni ikigundua hufuta tiketi, na atakayekwama kaunta na mizigo yake ni msafiri wangu.