Je, wajua kwa nini mtoto wa chekechea achanganye mwenyewe rangi ya ngozi yake?

Mtoto wa miaka mitatu au minne huziona tofauti za rangi ya ngozi vizuri tu. Akiuliza ndani ya daladala, "Mama, mbona yule mweupe?" akafinywa anyamaze, anachoondoka nacho ni kwamba rangi ya mtu ni jambo la aibu. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto Weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe.

Kuchanganya rangi humpa mtoto jibu la kushika kwa mkono. Tumia rangi za maji za watoto zisizo na sumu, kamwe si rangi ya ukutani. Kila mmoja apate kisahani chenye vijiko viwili vya njano na kimoja cha nyekundu, akoroge mpaka itoke rangi ya chungwa. Bluu aiongeze kwa ncha ya kijiti, kidogo kidogo, hadi apate kahawia. Hapa ndipo wengi huharibu: bluu ikizidi, mchanganyiko hugeuka tope la kijanikijani, na kuurekebisha hula njano na nyekundu nyingi. Nyeupe iwepo ya kutosha mezani, la sivyo mtoto mwenye ualbino atakosa rangi yake. Apime kwa kupaka mstari juu ya mkono, si kiganjani, maana viganja vya wengi wetu ni vyeupe zaidi. Asubiri ikauke ndipo aamue.

Wakimaliza, waulize walitumia rangi zipi. Wataona ni zilezile, vipimo tu ndivyo tofauti. Ngozi nayo ni hivyo: seli zinazotengeneza melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi rangi, tunazo wote, kwa idadi inayokaribiana, kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini. Mwenye ualbino mwili wake hutengeneza kidogo mno au hautengenezi kabisa, ndiyo maana anahitaji kofia pana na nguo ya mikono mirefu juani. Semeni wazi kwamba hauambukizi na si laana; kwetu Tanzania, kunyamazia hilo kumegharimu maisha ya watu.

Picha zibandikwe ukutani kwa kufuata herufi za majina. Ukizipanga kuanzia nyeupe hadi nyeusi, watoto wataanza kushindana papo hapo.