Fumbo la vipande: shairi linaloficha neno, si kitu

Fumbo la vipande ni shairi fupi lenye vina ambalo jibu lake ni neno moja lililokatwa. Mtungaji hutafuta neno linaloweza kupasuliwa likatoa maneno mengine mawili, kila moja na maana yake. Kipande cha kwanza anakielezea kwa mshororo mmoja, cha pili kwa mwingine, halafu anaeleza neno likiwa zima. Msikilizaji hupewa alama tatu tu: “kwanza”, “pili”, “zote”. Akiweza kuvikamata vipande, ataviunga na kulitaja neno.

Tulilolizoea zaidi ni kitendawili, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Anayesema “nyumba yangu haina mlango” ameficha yai, na ukijibu kwa Kigiriki au kwa Kichina utakuwa umepata vilevile, kwa sababu kilichofichwa ni kitu. Katika fumbo la vipande kitu hakisaidii chochote mpaka ulijue jina lake, silabi kwa silabi. Ndiyo maana halitafsiriki. Ukilitoa kwenye lugha yake linabaki mistari minne isiyo na kichwa wala miguu.

Huu hapa ubeti nilioutunga kwa ajili ya maelezo haya:

Kwanza nguo ya kondoo, baridi haimpati,
Pili ibada ya cheo, hung’ara penye umati,
Zote i jikoni leo, imeweka wali kati,
Tajeni bila kilio, ama leteni chapati.

Ukilisoma peke yako, jicho linakimbilia mshororo wa tatu, kwa kuwa ndio ulio wazi: kitu cha jikoni chenye wali ndani. Chungu? Sahani? Bakuli? Sinia? Orodha ni ndefu na hakuna cha kukuambia usimame wapi. Mkiwa wanne au watano mambo hubadilika. Mmoja anasema nguo ya kondoo ni ngozi, mwingine anamkatalia, ngozi si nguo, labda manyoya. Wa tatu anakumbuka sufu. Hapo kila mtu anaanza kujaribu vyombo vinavyoanza na “sufu”, na kabla ya kufika mbali mtu ameshapiga kelele: sufuria! Lakini kazi haijaisha, maana lazima “ria” ithibitishwe. Aliyesoma madrasa ndiye atakayewaeleza wenzake kwamba ria ni ile ibada ya kujionyesha, ya kuswali vizuri pale tu watu wanapotazama. Sasa fumbo limefumbuka, na chapati zimeokolewa.

Hapo utaona kwa nini mchezo huu ni wa kundi. Maarifa yanayohitajika hayakai kichwani mwa mtu mmoja. Anayejua majina ya sehemu za jahazi si lazima ajue majina ya mishono ya kofia, na kijana anayewaokoa wenzake kwa neno la mtaani huenda hajui hata maana ya mizani, yaani hesabu ya silabi za mshororo. Kosa la kila mmoja nalo lina kazi: jibu baya la “ngozi” ndilo lililoleta “manyoya”, na “manyoya” yakaleta “sufu”.

Ulaya mchezo huu ulikuwa na enzi zake. Ulishamiri Ufaransa katika karne ya 18 kwa jina la sharadi, ukavuka kwenda Uingereza, na huko ukawa burudani ya sebuleni kwa watu wenye nafasi. (Ule mchezo wa kuigiza maneno bila kusema ni mtoto wake aliyekuja baadaye.) Jane Austen mwenyewe alitunga mafumbo ya aina hii, na katika riwaya yake ya Emma, iliyotoka mwishoni mwa 1815, fumbo moja la beti linabeba sehemu nzima ya hadithi. Msichana Harriet anakusanya mafumbo katika daftari. Padri kijana analeta la kwake, ambalo jibu lake ni neno la Kiingereza la kuposa, “courtship”: kipande cha kwanza ni baraza la mfalme, cha pili ni meli. Emma analipata mara moja. Harriet anabahatisha vya baharini, mungu wa bahari, nguva, papa, kisha anajikumbusha kuwa papa kwa Kiingereza ana silabi moja tu, hivyo hawezi kukatwa. Mimi huona Harriet hapo alistahili sifa kuliko anazopewa, kwa sababu ameshika kanuni ya kwanza ya mchezo: jibu lisilokatika si jibu. Emma, aliyefumbua neno kwa sekunde chache, alikosea jambo kubwa zaidi, kwa kuwa hakujua fumbo lilikuwa likimposa nani.

Marekani wapenzi wa mafumbo haya waliunda chama chao New York tarehe 4 Julai 1883, na chama hicho kipo hadi leo. Wanachama hutumia majina ya kubuni, hutoa jarida la mafumbo, na hukutana kila mwaka. Wao wameendeleza namna nyingine ya kuandika: shairi linasimulia jambo lake kama kawaida, ila mahali pa maneno yaliyofichwa pamewekwa vishika nafasi, “MOJA” hapa, “MBILI” pale. Msomaji hufuata maana na mapigo ya mstari ili ajue ni neno gani lililokuwa limekaa hapo. Na si kukata tu. Kuna aina ambamo neno linaondolewa herufi ya kwanza likawa neno jingine, aina ambamo linaondolewa ya mwisho, na aina ambamo herufi zinapangwa upya.

Kwetu pwani, fumbo la shairi ni la kale, ila mara nyingi lilificha jambo badala ya neno. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi karibu mwaka 1840, alikuwa fundi wa beti zinazosema moja na kumaanisha jingine, za mapenzi hata za siasa za mji wake na Zanzibar. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, likawapa washairi uwanja wa kutupiana maswali na kujibizana kwa beti. Adabu ya kujibizana ilikuwa kali: ukijibu, ujibu kwa bahari ile ile, yaani muundo ule ule wa shairi, na ikiwezekana kwa vina vile vile. Upande wa kuchezea silabi zenyewe tuna kinyume, ile lugha ya watoto ya kuitanguliza silabi ya mwisho, mbuzi akawa “zimbu”. Kwa hiyo malighafi zote zilikuwapo, mafumbo, vina na silabi zinazopinduka. Kuviweka vitatu katika ubeti mmoja si kazi ngeni kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili.

Na lugha yenyewe inakubali. Silabi za Kiswahili ni safi, karibu zote huishia kwa irabu, hivyo kisu kinajua pa kupita. Kinachofanya jibu lifichike ni mkazo. Tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukisema “sufu” mkazo uko kwenye “su”, lakini ndani ya “sufuria” umehamia kwenye “ri”, na “sufu” imezama kimya. Sikio halioni mshono. Mfano mzuri zaidi ni barabara: kwanza ni bara, pili ni bara tena, na magari yanapita juu yake. Watu wanaitamka kila siku bila kusikia kwamba wametaja bara mara mbili. Pilipili ni ya uchokozi kabisa, maana mtegaji anaweza kusema kwa uso mkavu, “ya kwanza ni pili, ya pili ni pili, na zote zinawasha,” na wenzake wakabaki wanabishana kama amekosea kuhesabu.

Kikanushi “si” nacho ni mtaji wa bure. Simba ni “si mba”, yaani si ule ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Nanasi ni nana, yaani bibi, aliyekanushwa. Ukipenda kupindua badala ya kukata, lima inakuwa mali, tatu inakuwa tuta, chapa inakuwa pacha. Ukipenda kukata kichwa, jembe, wembe na pembe zote zinakuachia embe.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wafumbuaji wazoefu hulitumia na wageni hawalioni. Vina vinamfunga mtungaji. Akihitaji neno la kuishia na “o”, ataweka lolote litakalotosha mizani, hata kama halina habari. Katika ubeti wa sufuria, “leo” haina kazi yoyote isipokuwa kuziba nafasi, na “bila kilio” ni hivyo hivyo. Kwa hiyo neno lililo mahali pa kina litiliwe shaka kwanza, na uzito uwekwe kwenye maneno ya katikati ya kila nusu ya mshororo, ambako mtungaji alikuwa na uhuru wa kuchagua. Mtungaji hodari naye anajua kwamba mnajua hilo, na mara nyingine atauficha ufunguo hasa penye kina.

Ubishi hautakosekana, hasa wa tahajia. Wapo wanaoandika “riya”, na mmoja wao akiwa kwenye baraza atadai fumbo zima ni batili. Mimi humpa haki mtegaji ikiwa kipande kinasikika sawasawa kinapotamkwa, kwa kuwa fumbo hili lilizaliwa la kusomwa kwa sauti. Nisilolisamehe ni kipande kilicholegezwa ili kifae: mtu anayesema “kitabu” ni “kita” na “bu”, kisha anakupa maelezo marefu ya “bu”.

Anayetaka kutunga aanze na jibu, asianze na shairi. Atafute neno la silabi nne, kwa sababu maneno yetu ya silabi moja yanayosimama yenyewe ni machache na vipande vya silabi mbili ndivyo rahisi kuvipata. Aandike maana tatu kwa maneno ya kawaida kwanza, bila vina, aone kama kila moja inaelekea kitu kimoja tu. Vina vije mwisho. Na wakati wa kutega akae kimya, jambo gumu kuliko kutunga, maana uso wa mtegaji humsaliti mara tu mtu anapokaribia. La kukata kichwa ni rahisi kwa kuanzia, na hapa kichwa ni silabi nzima:

Nzima mimi huandika, hunywa wino sio maji,
Kichwa kikishakatika, nageuka kuwa mji,
Punda humo huzunguka, wabebao mahitaji,
Nitajeni kwa haraka, rafiki na wapitaji.