Kutokuwa na hatia ni nini, na hofu inaingilia wapi

Juzi tukiwa kwa matatu tunatoka Kisumu, mpwa wangu wa kidato cha pili akaniuliza, anko, mtu akisemwa hana hatia ni kwamba hakufanya kosa ama ni kwamba hajui kosa ni nini? Nikafungua mdomo nimjibu alafu nikanyamaza, manake hayo ni mambo mawili na sisi tunayabeba kwa neno moja. Tumefika Kericho bado tunaongea.

La kwanza ni la korti na hilo halina shida. Hatia ni kosa ambalo limethibitishwa kuwa ni lako. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa achukuliwe hana hatia hadi ithibitishwe vingine, kwa hivyo hapo hakuna mtu anauliza roho yako iko aje, unaeza kuwa mjanja kabisa na bado huna hatia kwa hiyo kesi. Na kwa watoto sheria imeweka umri. Zamani mtoto wa chini ya miaka 8 ndio alikuwa hawezi kubebeshwa jinai, Sheria ya Watoto ya 2022 ikapandisha ikawa 12, na akiwa hajafika 14 korti inaanza kwa kuchukulia kwamba hawezi kutofautisha baya na jema mpaka ionyeshwe kwamba anaweza. Mimi hiyo sheria naipenda, ingawa najua hakuna kitu hubadilika ndani ya mtoto usiku wa kuamkia besdei yake ya 12.

La pili ndio mpwa wangu alikuwa anatafuta. Ile hali ya mtoto ambaye hajaonja ubaya. Hapo hatuna neno moja, tunazunguka tu, tunasema ni malaika, hajui baya wala jema, ana roho safi, bado ni mtoto huyo mwacheni. Waislamu tuliokua nao pale mtaa wa Bondeni, Nakuru, wana neno fitra, ile asili safi ambayo kila mtoto huzaliwa nayo, na mimi naona hilo ndilo linakaribia zaidi sababu haya mengine yote yanasema kitu mtoto hana, fitra inasema kuna kitu anacho.

Sasa anacho nini? Watu wengi watakuambia ni kutoogopa. Mtoto anashika kaa la moto, anamfuata nyoka akidhani ni kamba, basi hajui, na asiyejua haogopi, akishajua ataogopa na hapo utoto umeisha. Nilikuwa naamini hivyo pia lakini ukikaa na watoto unaona si kweli, watoto ni waoga sana. Wanaogopa giza, mbwa, radi, mzee mwenye ndevu nyingi. Mimi nilikuwa naogopa choo. Tuliishi Nakuru kwa ploti ya kupanga, choo kilikuwa mwisho wa ua karibu na geti la mabati, na usiku mama alikuwa ananipeleka na tochi anasimama nje, mimi nikiwa ndani naita, "Mama uko?" naye anasema, "Niko." Nangoja kidogo naita tena. "Niko." Hata mara kumi na hakuchoka. Nilikuwa na hofu tele, lakini ilikuwa na pa kwenda.

Alafu ikafika mwisho wa Januari 2008. Vile matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007 mahali kwingi kulilipuka, Nakuru ikachelewa, watu wakaanza kusema hapa kwetu ni pa amani, na ndio ikafika na hapo. Tume iliyochunguza mambo hayo baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima, na maelfu wakalala kwa mahema pale Shoo Graundi ya Nakuru. Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa anapika sukuma saa moja jioni, tukasikia kelele upande wa barabara, si za mpira, na mara akachukua jagi ya maji akamwaga kwa jiko. Yote. Chakula kikiwa juu yake. Ile harufu ya makaa yamemwagiwa maji, ule mvuke wa majivu, mpaka leo nikiusikia kwa jirani natoka nje. Akazima koroboi, akanivuta chini ya kitanda, akanifunika na leso na kuniwekea mkono mdomoni, na ule mkono ulikuwa unatetemeka.

Ni huo mkono. Wale watu wa nje sikuwaona, na panga lolote lililopita hapo sikuliona. Kitu nilijua ile usiku ni kwamba mama anaogopa, na kama mama anaogopa basi hakuna mtu amesimama nje ya choo.

Nimekuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba kuna watafiti Marekani walipima kitu kama hiki, mwaka wa 1985, mmoja wao anaitwa James Sorce. Walichukua watoto wa mwaka mmoja wakawaweka juu ya meza ya kioo, upande mmoja chini yake panaonekana kama pamedidimia kidogo, si sana, kiasi cha mtoto kukosa uhakika. Mama anasimama ng'ambo. Mtoto akifika pale ukingoni anainua macho anamwangalia mama usoni. Mama akionyesha furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Akionyesha uso wa hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Kioo ni kile kile. Kwa hivyo mtoto hata kabla hajajua kuongea ameshajua kuuliza swali, na anauliza kwa uso wa mtu wake.

Basi mimi nikimwelezea mpwa wangu nilimwambia hivi: huo usafi tunaouongelea si kutojua na si kutoogopa, ni kuwa na uso unaoweza kuuamini. Na ndio maana kuna tofauti kati ya hofu na woga, ingawa kamusi nyingi zinayaweka pamoja. Hofu inakuja na kitu chake, mbwa akipita nayo inapita. Woga unahamia ndani ya mtu, unakaa hata kukiwa kumetulia. Kwa Biblia pia, kwenye Mwanzo, mara ya kwanza mtu anasema aliogopa ni Adamu, na anayemwogopa si simba, ni yule yule aliyekuwa anatembea naye bustanini, akaenda kujificha kwa miti.

Baada ya ile Januari nilianza kumsoma mama usoni kabla sijaomba kitu. Pesa ya mtihani, kiatu kimeraruka, namwangalia kwanza, nikiona amekunja paji naacha. Watu wakawa wanasema huyu mtoto amekomaa mapema, ana akili, na wanamsifu mama kabisa. Hiyo sifa inaniuma nikiisikia ikipewa mtoto yeyote, tafadhali mtoto wa miaka kumi akiwa hasumbui hata kidogo muulizeni ameona nini.

Kuhusu ile usiku kuna kitu kimoja sikumwambia mpwa wangu. Baadaye sana, kelele zikiwa zimeenda mbali, mama alitoa mkono mdomoni akaninong'oneza, "Umelala?" Nilikuwa macho kabisa. Sikuitikia. Na mpaka leo akiwasimulia watu wa nyumbani huwa anasema Mungu alitusaidia, huyu alilala mpaka asubuhi hakusikia chochote, na mimi nikiwa hapo namimina chai.